Makato na wateja: Facebook, Jiji, Jumia au Etsy ukiwa unauza kutoka Mombasa

Swali naloulizwa sana na wenzangu wa biashara ndogo hapa Mombasa, hasa dada zangu wanaouza dera, leso, vikapu na vyombo kutoka nyumbani, ni niweke mzigo wangu wapi? Jumia, Jiji, au nibaki tu na Facebook na watsap? Na karibu kila mtu anaanza kwa kuuliza asilimia, wanakata ngapi. Mimi nauza leso, dera na mikoba ya kitambaa cha leso, majukwaa haya nayajua kwa kuuza sio kwa kusikia, na nakwambia mapema msimamo wangu: makato niyaangalie mwisho. Kwanza naangalia ni nani anaeliona tangazo na yuko ng'ambo gani ya maji, pili ni nani anabeba gharama ya kumfikishia, alafu ndio nije kwenye asilimia. Jukwaa lisilokata hata senti linaweza kukumaliza faida yote na hujui imeenda wapi.

Nianze na Facebook Marketplace manake ndiko wengi wetu tulikoanzia. Ilizinduliwa 2016 Marekani na nchi nyingine chache kisha ikasambaa. Kwetu huku hawakati komisheni, unaweka picha, bei na eneo, mteja anakuja inboxi mnaelewana, pesa mnamalizana wenyewe. Huko Marekani ukiuza kitu cha kutumwa kwa posta wanakata asilimia 10 tangu 2024, lakini kwetu malipo hayapiti kwao kwa hiyo hilo halitugusi. Wateja wapo, tena wengi, na wanakujia haraka, ukiposti jioni baada ya magharibi simu haitulii. Kwa idadi ya watu wanaoliona tangazo bila wewe kulipa chochote, sijaona kinachoishinda.

Ila hapo kwenye eneo ndipo Mombasa ina mambo yake. Mnunuzi anachagua kilomita ngapi kutoka alipo, na ramani inapima mstari ulionyooka, haijui habari ya feri. Mtu wa Likoni anamuona muuzaji wa Kizingo huku kisiwani kama jirani yake wa mlango wa pili, na kweli ukisimama Mama Ngina unaiona Likoni kwa macho, lakini kumpelekea mzigo ni kushuka mpaka feri, kungoja, kuvuka, alafu uanze kutafuta boda upande wa pili. Kwa miguu kuvuka ni bure, lakini mwenye pikipiki analipia chombo chake na hiyo pesa atakuongezea wewe, pamoja na muda wake wa foleni. Huku mtu wa Bamburi ambae ramani inasema yuko mbali ndie rahisi, unapita daraja la Nyali moja kwa moja. Kwa hivo mimi kwenye tangazo naandika kabisa, niko kisiwani, napeleka Nyali mpaka Bamburi siku yoyote, Likoni na Ukunda ni siku maalumu nikikusanya oda kadhaa pamoja. Tangu nianze kuandika hivo maswali yamepungua na wanaoandika ni watu wanaotaka kununua kweli.

Hebu tupige hesabu. Tuseme dera unaliuza shilingi 1,200 na wewe umelichukua kwa bei ya jumla 850, faida yako 350. Mteja yuko Mtwapa anataka umpelekee, boda anasema 300. Ukibeba hiyo nauli wewe umebaki na 50, na mteja akifika mlangoni akasema rangi si ile ya picha, umerudishiwa dera na nauli imeenda, pengine hata ya kurudi unadaiwa. Komisheni ni sufuri lakini robo nzima ya bei imeondoka. Ndio maana nasema bure ya Facebook ni bure ya kuposti tu, kuuza kuna gharama zake.

Tiba yake ninayoifuata mimi, na nawasihi wenzangu waifuate, ni kuwa nauli ya boda mteja anaitanguliza, dera lenyewe alipie akishaliona. Wako watakaokataa, waache. Mtu asietaka kutoa nauli ya boda mara nyingi hana haja ya dera pia, alikuwa anapitisha muda. Na ambae anaogopa kutuma pesa kwa mtu asiemjua ana haki yake kabisa, huyo nampa sehemu ya kukutana yenye watu, mchana, kama pale City Mall Nyali, anaona mzigo anaushika anaupima na mwili, analipa, kila mtu na njia yake.

Hapo kwenye kulipa nisimame kidogo kwa sababu haya nayo ni makato na watu hawayahesabu. Ukiwa na till namba ya Lipa na M-Pesa mteja hakatwi chochote, wewe muuzaji ndie unakatwa asilimia 0.55, na malipo yasiyozidi shilingi 200 hayakatwi. Kwenye lile dera la 1,200 ni kama shilingi 6 na senti. Pochi la Biashara, ile akaunti nyingine ya M-Pesa ya biashara ndogo, ni kinyume, wewe unapokea kamili na mteja ndie anaelipa gharama ya kutuma kama vile anamtumia mtu wa kawaida, kwa 1,200 ni shilingi 23. Utasema 23 ni kitu gani, lakini mteja wa Mombasa ukimwambia bei 1,200 anatuma 1,177 na anakwambia dada gharama tumegawana. Till imenipunguzia mabishano mengi sana, naipendekeza kwa mtu yeyote anaeuza kila wiki. Na kwa njia zote mbili angalia salio lako, usitosheke na ujumbe uliokuja kwenye simu, manake ujumbe wa kughushi uko mwingi na mtu anauza kwa haraka gizani anatoa mzigo.

Watsap siihesabu kama soko, hiyo ni ya kuwatunza wateja ambao umeshawapata. Status inakaa saa 24 na anaeiona ni yule ambae ameihifadhi namba yako na wewe umeihifadhi yake, sasa hapo mgeni anatoka wapi? Kundi nalo mwisho ni watu 1,024, na nusu wamezima sauti. Lakini mteja alienunua leso kwangu mara moja Facebook, nikamuomba ahifadhi namba, akirudi mara ya pili anarudi kwa watsap, haulizi bei ya mwisho, haulizi kama ni mzigo wa kweli, anasema tu dada nitolee ile yenye wino mwekundu na unipelekee kwa mama. Huyo ndie mteja wa bei rahisi kuliko wote kwa sababu nimemtafuta mara moja tu. Watsap ya biashara ina katalogi pia, weka bei humo wazi, hii tabia ya kuficha bei na kuandika njoo inboxi inachosha watu.

Jiji sasa. Wengi mtakumbuka OLX, ile ya uza hapa nunua hapa, 2019 Jiji kutoka Nigeria waliinunua biashara ya OLX ya Kenya pamoja na ya Uganda, Tanzania, Ghana na huko kwao Nigeria, kwa hivo mazoea ya wanunuzi wa zamani yakahamia huko. Jiji nao hawachukui komisheni ukiuza. Pesa yao wanaipata kwa kusukuma matangazo, unalipia kifurushi ili tangazo lako likae juu, na usipolipa linashuka, linafunikwa na mapya, ndani ya muda mfupi uko chini kabisa ambako hakuna anaefika. Kwa dera moja la faida ya 350 kulipia kifurushi hakuna mantiki hata kidogo. Lakini kwa simu, laptopu, friji, kochi, pikipiki, gari, hapo Jiji ndio kwao, kwa sababu mtu anaetafuta friji anaingia na nia ya friji, anachuja kwa mkoa na bei, na faida ya friji moja inaweza kulipia kifurushi chote. Mteja wa Facebook anapita tu akakutana na kitu, wa Jiji amekuja kutafuta. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti yoyote ya bei.

Jambo moja la kujua, Jiji wenyewe wanawaonya wanunuzi wasitume pesa kabla ya kuona bidhaa, na wana haki, matapeli wamejaa. Kwa hivo ile kanuni yangu ya nauli kwanza huko haiendi vizuri, mteja anakuona wewe ndie tapeli. Huko uza vitu ambavyo mtu yuko radhi kuja kuviona mwenyewe. Na uwe tayari kwa simu za Nairobi, hata ukiandika Mombasa kwa herufi kubwa utapigiwa na mtu wa Kasarani. Usimkatie, ukiwa na kitu kinachosafiri vizuri, ofisi za mabasi pale Mwembe Tayari zinapokea paseli na kesho yake iko Nairobi, ila hapo mwaminiane kwanza.

Jumia ni kitu kingine kabisa na watu wanakosea wakiilinganisha na Jiji kama ni ndugu. Ilianzia Lagos 2012, hisa zake ziko soko la New York tangu 2019, na ile Jumia Food ya chakula waliifunga mwisho wa 2023 wakabaki na bidhaa. Pale huongei na mteja kabisa. Yeye ananunua kwa Jumia, wao wanabeba, wao wanapokea pesa, alafu wanakulipa wewe baada ya kutoa komisheni yao, na komisheni inategemea aina ya bidhaa, kwa kawaida vya elektroniki inakuwa ndogo na nguo na vitu vya urembo inakuwa kubwa. Viwango wanabadilisha kwa hivo soma jedwali lao la siku hiyo unayofungua akaunti, usitegemee aliyokwambia shoga yako mwaka juzi.

Chukulia tu kwa mfano ni asilimia 15. Dera la 1,200 linakatwa 180, unabaki na 1,020, ukitoa 850 ya kununulia una 170, toa mfuko na stika za kufungia umebaki na kama 140. Ukiweka hizo 140 kando ya 350 za Facebook unaona umeibiwa. Lakini angalia tena, hapo hujampigia boda mtu yeyote, hujajibu "ipo bado?" usiku wa manane, hujavuka feri, na aliyenunua anaweza kuwa Kisumu au Eldoret mahali ambapo mimi na picha zangu za Facebook tusingefika. Kama una madera mia yanayofanana, saizi zinajulikana, unaweza kuyatoa taratibu namna hiyo na mwisho wa mwezi ukawa mbele. Kama una leso kumi kila moja na jina lake na rangi yake, ile kazi ya kupiga picha na kuandika kila moja kwa 140 haifai.

Na kurudishwa kwa mzigo, jamani, kwenye nguo ndio kitu cha kuangalia kabla ya komisheni. Kuna jukwaa moja silitaji jina, niliwahi kurudishiwa dera linanukia udi, limevaliwa harusini wazi kabisa, na nilipoandika malalamiko nikajibiwa majibu ya mashine tu, gharama nikabeba mimi. Sikuwa na mtu wa kuongea nae. Iliniuma kwa sababu dera lile lilikuwa la mteja mwingine aliekuwa anangoja. Kwa hivo kokote unakokwenda, kabla hujaweka mzigo tafuta ukurasa wa sheria za kurudisha, usome nani analipa usafiri wa kurudi, mteja ana siku ngapi, na bidhaa ikirudi imeharibika unadai vipi. Ukikuta lugha ya kuzungukazunguka, vitu vinavyovaliwa usiweke, weka vyombo, mashuka yaliyofungwa, vitu ambavyo seal ikikatika inajulikana. Kilimall, iliyoanza hapa Kenya 2014, ni mtindo huohuo, na bei za bidhaa za moja kwa moja kutoka China ziko chini sana, muuzaji mdogo akienda huko kushindana kwa bei atalia.

Sasa ng'ambo. Mikoba ya leso, vikapu, vinyago vya Akamba pale Changamwe, viatu vya shanga, hivi vitu mteja wa hapa anakulipa kidogo kwa sababu anaviona kila siku, mteja wa London au wa Marekani atalipa mara tatu. Etsy ndio soko lao la vitu vya mkono, liko tangu 2005. Makato yao yaeleweke vizuri: kuweka bidhaa moja ni senti 20 za dola kwa miezi minne, ikiuzwa ukiiweka tena unalipa tena, alafu asilimia 6.5 ya bei, na hiyo 6.5 inahesabiwa pamoja na pesa ya usafiri uliyomtoza mteja. Ilikuwa 5, wakaipandisha Aprili 2022, na wauzaji wengi duniani waligoma kwa wiki nzima. Juu ya hapo kuna matangazo wanayoweka nje, Google na kwengineko, mteja akija kupitia hayo unakatwa asilimia 15, unaweza kujitoa kama mauzo yako hayajafika dola 10,000 kwa mwaka, ukishavuka hapo inakuwa 12 na huna ruhusa ya kukataa.

Mkoba wa dola 30 na usafiri dola 20, jumla 50. Asilimia 6.5 ni dola 3.25, jumlisha zile senti 20 ni 3.45. Ikiwa mteja ametoka kwenye tangazo la nje ongeza 7.50, sasa ni 10.95, bado gharama ya kupokea malipo yenyewe. Kwa mkoba wa 30 unaona kama theluthi imekwenda, na kweli imekwenda. Lakini mkoba huohuo hapa Old Town watalii wakiwa wachache unauomba 1,000 na unaupata kwa shida. Mimi bado naona ng'ambo kuna faida kwa kitu cha mkono kilicho chepesi. Kizito, kama kinyago cha mpingo, usafiri unakiua. Kabla hujapoteza muda kufungua duka angalia kwanza kama Kenya iko kwenye orodha ya nchi wanazozilipa, na pesa itakufikia kwa njia gani, Paypal ya kwetu imeunganishwa na M-Pesa tangu 2018 hivyo kutoa si tatizo kama ilivyokuwa, ila ubadilishaji wa dola nao una makato yake.

eBay wanakata kama asilimia 13 kwenye bidhaa nyingi na wanahesabu juu ya jumla yote, usafiri ndani, kodi ya mnunuzi ndani. Amazon mpango wa wauzaji wakubwa ni dola 39.99 kila mwezi uuze usiuze, na komisheni nyingi ni kati ya 8 na 15. Kwa mama anaeshona mikoba Kisauni hizi mbili mimi siziungi mkono, wateja ni wengi kweli lakini hawajaingia kule kutafuta mkoba wa leso.

Kodi nayo ni sehemu ya makato, tusijifanye haipo. Mauzo yako ya mwaka yakivuka milioni moja mpaka milioni 25 kuna kodi ya mauzo asilimia 3 tangu Julai 2023, na inakatwa kwenye mauzo yote sio kwenye faida. Ukirudi kwenye dera la 1,200 hiyo ni 36, kwenye zile 140 za mfano wa Jumia ni robo na zaidi. Na sheria ya Desemba 2024 ikaleta asilimia 5 ambayo jukwaa linaizuia kabla ya kukulipa wewe mkazi. Ukipanga bei bila hizi mbili utashangaa pesa yako inapungukia wapi, kwa hivo uliza ofisi ya KRA, yaani mamlaka ya kodi, au mhasibu kabla biashara haijakua.

Mgao wangu mimi saivi ni huu: leso na dera naziweka Facebook kutafuta wateja wapya wa Mombasa na Kilifi, nawahamishia watsap na till, mikoba ndio ya kutuma nje, na Jumia ningeenda tu nikipata mzigo wa aina moja mwingi. Mwezi kabla ya Ramadhani na kabla ya Idd naposti mara mbili zaidi kwa sababu hapo watu wananunua bila kubishana sana, na boda wa kuaminika nimemuwekea nafasi mapema manake wiki ya mwisho hapatikani mtu. Kwa fundi wa samani anaeuza vitanda na makabati pale Buxton au Magongo ushauri wangu ni tofauti kabisa, nenda Jiji, lipia kifurushi kidogo kwa kitu kimoja kizuri, piga picha mchana mlango ukiwa wazi, andika vipimo kwa futi, na taja kama usafiri wa kufika Nyali uko ndani ya bei au la, hilo ndilo swali la kwanza utakaloulizwa.